Jirani wa Bondeni

Fundi mmoja wa pikipiki pale Nyakoe, kando ya barabara ya Kisii kwenda Oyugis, ana desturi ninayoipenda. Kabla ya kulegeza nati ya oili, hutega chini dumu lililokatwa ubavu. Oili ikiisha kuchuruzika, nyeusi tititi, huimimina kwenye mtungi wa lita 20, akafunga kifuniko, kisha akafuta hata matone yaliyodondokea kokoto. Siku moja mteja mwenye haraka alimwambia, "Mwaga tu hapo, mzee, mvua itaosha." Akajibu bila kuinua macho: "Itaosha ipeleke wapi?"

Swali hilo sijaachana nalo. Huku Gusii tumejenga kwenye miteremko. Juu kuna nyumba, kisha migomba na chai, halafu nyasi za ng'ombe, na bondeni kabisa chemchemi tunakoteka maji. Mvua ya alasiri ikishuka, inachokibeba kwangu inamkabidhi mtu ninayemjua kwa jina, na aliye juu yangu naye ananifikishia yake. Unaweza kumwamkia mzee wa watu kila asubuhi kwa adabu zote, na jioni ukamwaga asidi ya betri kwenye mtaro unaoelekea kwake. Kwangu mimi, salamu hiyo haijakamilika.

Betri ndizo zinanitia hofu zaidi. Ndani yake mna madini ya risasi, na wapo wanaozipasua nyuma ya nyumba ili wayauze. Tusisahau Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu hiyo mtaani. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, aligundua kuwa hata mwanawe ameathirika, akaanza kuwapigania wakazi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha baada ya kutenguliwa kwenye rufaa. Nafurahi walishinda. Lakini risasi ikishauathiri ubongo wa mtoto, hakuna hundi inayoweza kuurudisha ulivyokuwa.

Kwa hiyo betri iliyokufa irudi dukani ikiwa nzima, imesimama wima, asidi ikiwa humo humo. Oili chafu isichanganywe na maji wala petroli, maana ikichanganywa anayeikusanya huikataa. Na mafuta ya taa, jamani, yasikae kwenye chupa ya soda! Mtoto mwenye kiu hasomi, anaona soda.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 inamtwika mwenye kuingiza bidhaa sokoni wajibu wa kuishughulikia hata ikishachakaa. Ningependa kuiona ikifika Nyakoe kwa umbo la pipa lenye mfuniko, karibu na gereji, na lori linalokuja kulichukua kabla halijajaa. Fundi wetu amefanya sehemu yake. Mitungi yake imejipanga ukutani inasubiri.