Siku Moja Jebel Akhdar

Jebel Akhdar, kwa Kiarabu, ni Mlima wa Kijani. Mtu atokaye Kampala, ambako hata nyufa za kuta huota majani, atadhani kuwa aliyeupa jina hilo alifanya mzaha. Mlima huo wa kaskazini mwa Oman ni mwamba mtupu wenye rangi ya majivu na kutu, na mahali pengi jicho halioni hata kijiti cha kufungia mbuzi.

Tuliondoka Muscat alfajiri, wageni wanne katika gari moja, na baada ya kiasi cha saa mbili tukafika Birkat al-Mauz, yaani Bwawa la Ndizi, jina ambalo Mganda hawezi kulipita kimya. Hapo askari polisi husimamisha kila gari, na lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipandi. Aliyepata kuona lori likikatika breki mteremkoni atawashukuru askari wale. Barabara hupanda hadi mita 2,000 hivi, na kando yake zimechongwa njia za kuyapokea magari yaliyoshindwa kusimama.

Kiongozi wetu, mtu mzima mwenye kanzu nyeupe, alikuwa akitueleza mambo kwa Kiingereza. Aliposikia kwamba natoka Uganda aligeuka akasema, "Karibu, ndugu yangu. Nyumbani hawajambo?" Kilikuwa Kiswahili cha Unguja. Mama yake alizaliwa huko, akahama baada ya Mapinduzi ya 1964, na watoto wake akawalea Oman kwa lugha hiyo. Kwetu Kampala wengi wangali wanakiita lugha ya kambini, lugha ya amri na vizuizi vya barabarani, ingawa mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Bwana yule alikijua kwa bembelezi. Akaniuliza nami nilikipata kwa nani. Nikamjibu kuwa nilikipata katika kota za askari, nikicheza na watoto wenzangu.

"Basi ni vilevile," akasema.

Huko juu alituonyesha magenge ambamo wafuasi wa Imamu Ghalib bin Ali walijificha tangu 1957, wakapigwa mabomu na ndege za Waingereza, hata Januari 1959 askari wa Kiingereza wakaupanda mlima usiku na kuuteka. Nilipolitazama korongo lile sikuona ni wapi mtu mwenye mzigo mgongoni angeweka mguu.

Kijani tulikikuta mwishoni, katika kijiji cha al-Ayn: mashamba ya ngazi kama ya Kabale, yenye mikomamanga na mawaridi, yamening'inia juu ya bonde kavu. Maji huja kwa mfereji uitwao falaji. Hugawanywa kwa muda, si kwa ndoo. Zamani zamu zilipimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku. Mwenye shamba zamu yake ikiisha huziba kwa jiwe na kitambaa, na jirani hufungua. Wakili wa falaji ndiye msimamizi. Falaji tano za Oman, mojawapo ya Birkat al-Mauz, ziliingizwa mwaka 2006 katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Mawaridi huchumwa mwezi Aprili na kupikwa jikoni mwa udongo. Nilinunua chupa moja. Maandishi yake yalikuwa ya Kiarabu, kwa hiyo kiongozi akaniandikia juu yake kwa kalamu: *marashi*.