Mnyaa si Dungusi

Apitaye uwandani Nduruma, chini ya mlima Meru, huweza kuona mti mrefu ulioinua matawi ya kijani kama kinara cha mishumaa, wenye miiba, na majani usiyoyaona. Wengi wetu huuita dungusi. Jina hilo silo.

Madungusi yaliyo marefu kama miti asili yake ni bara la Amerika. Katika milima ya Argentina na Bolivia liko moja liitwalo cardón, lifikalo mita 10. Na kwa kuwa miti huko ni haba, watu wamepasua mbao zake wakafanya milango na dari za makanisa. Mti wetu ni wa ukoo wa mnyaa, ule tuupandao kuwa ua, ambao Wamasai huuita emanyara. Ndipo Ziwa Manyara lilipopata jina, husemwa. Hawa wawili si ndugu. Ukame tu ndio uliowafananisha.

Nalishikilia jina kwa sababu ya maziwa. Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe uchomao ngozi, nao ukiingia jichoni waweza kupofusha. Jirani yetu mmoja alikuwa akipunguza ua, tone likamrukia. Akalisugua jicho kwa mkono, kumbe mkono nao umejaa utomvu! Siku tatu hakuweza kutazama mwanga. Alitibiwa, akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini mtoto aambiwaye kwamba ule ni dungusi ataogopa miiba peke yake.

Nyumbani kwetu siku hizi panga la kukatia ua halishikwi pasipo ndoo ya maji safi kando.