Saa ya Kiingereza na Jua la Chunya

Wasomaji wetu wa Pwani hawakosi kuzijua saa za Kiingereza za kutia ufunguo. Majumba mengi ya kale yalikuwa nazo, na watu wa mjini Unguja kwa miaka mingi walizoea kuinua macho kuitazama ile ya mnara wa Beit-al-Ajaib, mpaka mnara wenyewe ulipoanguka Desemba 2020. Lakini saa ninayotaka kuisimulia niliiona mbali sana na bahari, huko Chunya, kaskazini ya Mbeya.

Chunya ni nchi ya dhahabu. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wazungu wengi walimiminika huko Lupa kuitafuta, na walipohama waliuza vyombo vyao. Mmoja wao alimwuzia saa baba yake mzee aliyekuwa mwenyeji wangu. Ni sanduku la mbao nyeusi mfano wa mpingo, lenye mkono wa shaba juu yake wa kuibebea. Waingereza huzinasibisha saa hizi na kibao cha ukutani, ingawa nyingi zao hukaa mezani tu. Jina la fundi limefutika kwa kupanguswa miaka mingi. Lililosalia ni neno London.

Mzee akipenda kuwaambia wageni kuwa ni kazi ya Tompion. Mimi sikuamini, na wala si lazima kuamini ili kuistahi saa ile. Thomas Tompion alizaliwa mwaka 1639, mtoto wa mhunzi wa shamba, akafa mwaka 1713, na Waingereza wakamzika Westminster Abbey pamoja na wakubwa wao. Saa zake nyingi alizitia nambari, kama mtu anayejua kuwa ataulizwa juu yake. Msaidizi wake George Graham, aliyemwoa mpwa wake, alipokufa mwaka 1751 alizikwa katika kaburi lilo hilo.

Uzuri wa saa hizi umo ndani. Kamani ikiwa imejaa huvuta kwa nguvu, na ikilegea huvuta kwa unyonge. Basi saa ingekimbia asubuhi na kutambaa jioni. Kwa hiyo mafundi walitia gurudumu lenye umbo la pia, lililozungushiwa uzi wa utumbo au mnyororo mwembamba. Kamani yenye nguvu huvuta penye wembamba, na iliyochoka huvuta penye unene, hata mwendo ukawa mmoja. Nyingine zina kamba pembeni: mtu akiamka usiku wa giza huivuta, na saa ikamgongea kengele ya saa iliyopita. Sijui kama yuko mwenye kuhitaji kamba hiyo kuliko anayeamka kula daku.

Wala Waislamu hawakuwa wageni wa kazi hii. Katika Msikiti wa Umawiyya wa Damascus, Ibn al-Shatir (1304–1375) alikuwa mtunza nyakati. Na katika karne ya 18 mafundi wa London, kama George Prior, walitengeneza saa kwa ajili ya soko la Uturuki, zenye tarakimu walizozisoma Waturuki. Waturuki wakati huo walihesabu saa kuanzia kuchwa kwa jua, mpaka serikali yao ilipoibadilisha hesabu hiyo mwaka 1926.

Mzee wetu naye alikuwa na hesabu yake. Barazani alichora mstari wa kaskazini na kusini, akasimamisha kijiti. Kivuli kikifika mstarini, akrabu huelekezwa kwenye VI, maana ndiyo saa sita yetu. Watoto waliotoka shule wakimcheka, kwa kuwa saa zao za mkononi zilikuwa zimekwisha pita saa sita na nusu.

Ramadhani ya mwaka 1411, Machi 1991, mvua zilikuwa bado na wingu limetanda. Akaja mgeni kutoka Dar es Salaam na kalenda yake ya nyakati za sala. Saa yake ya mkono ilipopita saa kumi na mbili na nusu kidogo, alinyosha mkono kwenye tende. "Magharibi imeingia, mzee wangu."

Mzee akatazama saa. Ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika 20. "Bado, mwanangu. Hiyo ni magharibi ya kwenu."

Mgeni akasema kuwa kalenda imeandikwa na wanavyuoni, na saa ile ni kikongwe. Vijana wawili wakamfuata wakala. Sisi wengine tulikaa na tende mkononi, na kimya kilikuwa kizito, kwani kumkatalia mgeni futari si jambo dogo. Punde wingu likapasuka magharibi. Jua lilikuwa juu ya upeo kwa kadiri ya vidole vitatu vya mkono ulionyoshwa.

Sababu yake ni nyepesi. Dar es Salaam na Chunya hutumia saa moja ya serikali, lakini Chunya iko magharibi zaidi kwa karibu digrii 6, na kila digrii ni dakika 4. Jua la Dar es Salaam hutangulia kuchwa kwa dakika zipatazo 23.

Mgeni hakubishana tena. Akauliza hukumu, akaambiwa kuwa kwa madhehebu yetu ya Shafii siku ile ina kadha. Baada ya Idi yeye na vijana wale wawili waliilipa. Kabla ya kurejea Pwani aliazima kalamu, akaandika juu ya kalenda yake kwa herufi kubwa: DAR ES SALAAM TU. Kisha akaiacha pale, chini ya saa.