Mstari wa Digrii 60

Umewahi kuona duara lenye pembe nne? Mimi nimeliona kwa macho yangu mawili katika chumba cha kompyuta cha shule yetu, na nusura likanikosanisha na jirani yangu wa dawati.

Tulikuwa tukichora ramani ya Antaktika. Hii si kama ramani tulizozoea kwenye karatasi za mtihani, ambazo mistari yake imenyooka kama ya daftari la hesabu. Hapa unaitazama dunia ukiwa juu ya Ncha ya Kusini. Longitudo hutoka katikati na kutawanyika kama spoki za baiskeli, nazo latitudo huwa ni duara ndani ya duara. Mwenzangu akaipa programu nukta nne za latitudo ya digrii 60 kusini: kwenye longitudo 0, 90 mashariki, 180 na 90 magharibi. Akaiambia iziunganishe. Lo! Likatoka sanduku.

"Wacha hivyo hivyo bwana, kompyuta haikosei," akasema.

Nikakataa katakata. Kompyuta haikuambiwa kwamba mstari unapinda. Ilipewa nukta nne, ikapiga rula. Tena halikuwa jambo la sura tu. Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini mwaka wa 1959, unahusu eneo lililo kusini mwa digrii 60. Ndani yake ni marufuku kujenga kambi za kijeshi au kulipua nyuklia. Sasa tazama: katikati ya kila upande wa lile sanduku, mstari uliingia ndani hadi kama digrii 68 na nusu, yaani zaidi ya kilomita 900! Ncha ya Rasi ya Antaktika, iliyo karibu na digrii 63, ikabaki nje. Ati tumeitoa kwenye mkataba kwa kubonyeza tu!

Basi nikavuta kibodi. Longitudo sikuzigusa, maana kwenye ramani hii zimenyooka zenyewe. Kwa latitudo nikaweka nukta kila baada ya digrii 30. Sanduku likawa na pande 12, na rasi ikaingia ndani.

"Haya, umeridhika?" akaniuliza.

Nikamwonyesha visiwa vya South Orkney, karibu na longitudo 45 magharibi. Viko kusini mwa digrii 60, lakini kidogo tu, hata digrii nzima haifiki. Navyo bado vilikuwa nje.

Nikaweka nukta kwa kila digrii 1, zote 360. Hapo mwenzangu akasogeza kiti, akaikuza picha mara tatu akitafuta pembe.