Mboga za Njiani, Kutoka Mbarara hadi Nakivale

Mbarara, mji mkubwa wa nchi ya Ankole uliopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, hausifiwi kwa mboga. Husifiwa kwa maziwa, kwa ng'ombe wenye pembe ndefu, na kwa migomba inayoanza pale nyumba zinapokwisha. Askari aliyehamishiwa Makenke, yaliko makao makuu ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda, huonewa wivu na wenzake kwa ajili ya maziwa hayo. Lakini mkewe aliyefuatana naye hugundua upesi kwamba mboga ya jioni haitoki sokoni peke yake. Nyingine imesimama kando ya njia, nayo hukanyagwa kila siku.

Miongoni mwa majani hayo madogo imo jamaa ya haradali, ambayo ni ukoo mmoja na kabichi, sukuma wiki na figili. Alama yake ya kwanza ni ua. Lina petali nne zilizopangwa kama msalaba, na ndani yake mna nyuzi sita, nne ndefu na mbili fupi. Petali nne peke yake hazitoshi, kwa kuwa mimea mingine pia inazo. Hivyo mchumaji hutazama na ganda la mbegu, ambalo hupasuka pande mbili na kuacha utando mwembamba katikati, mithili ya karatasi ndani ya fremu. Jani likifikichwa hutoa harufu kali inayopanda puani. Utomvu mweupe kama maziwa haumo kabisa. Ukionekana, mmea huo ni wa ukoo mwingine.

Maganda ndiyo hutofautisha ndugu na ndugu. Yule mwenye vijiganda vya mviringo, vilivyochongoka pengo dogo juu, ni wa kundi la Lepidium. Mwenye maganda ya umbo la moyo ni Capsella, ambao Wazungu huuita mkoba wa mchungaji, na jina hilo lingewafaa Wanyankole kuliko wao. Mwenye maganda membamba marefu huweza kuwa Erucastrum arabicum, gugu la mashamba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Barabara ya Kikagati hupita Kaberebere na kuingia Isingiro, wilaya ya matoke. Huko ndiko iliko Nakivale, kando ya ziwa la jina hilo. Makazi hayo ya wakimbizi yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea kwanza Wanyarwanda. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mpango wa Chakula Duniani ulipopunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda, kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020 na kufikia asilimia 40 mwezi Februari 2021, majani ya pembezoni mwa shamba yaliacha kuwa kitoweo cha kubadilisha ladha tu.

Hapo ndipo majina yanapoleta tabu. Mgagani wa Waswahili ni isogi kwa Mnyarwanda na eshogi kwa Mnyankole. Wataalamu wameutenga katika ukoo wake wenyewe, ulio jirani wa karibu kabisa wa haradali, na ukali wa ladha unaushuhudia udugu huo. Jani lake limegawanyika kama vidole, aghalabu vitano. Nyuzi za ua ni ndefu, zambarau, na zimechomoza mbali na petali. Majirani wawili wanaweza kubishana asubuhi nzima juu ya jina, lakini ua halibishaniwi.

Ubaya ni kwamba jani tamu huchumwa kabla ya ua kutokea. Mwenye busara huacha miche miwili mitatu ichanue pembeni, ajifunze sura ya jani changa kutoka kwa mmea ambao amekwisha kuutambua. Tahadhari hiyo si ya bure. Mranaha, wenye ua refu kama tarumbeta na tunda la miiba, huota mashambani pamoja na mchicha, na ukiwa mchanga hauna ua wala tunda. Mwaka 2019 huko Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, unga wa lishe wa msaada uliokuwa na sumu ya mmea huo uliua watu 5 na kuwaugua­za takriban 300. Mtu aliyeula hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, akaanza kuweweseka. Apelekwe hospitali mara moja.

Majani ya majini, yaotayo kando ya mito kama Rwizi ambako ng'ombe hunywa, yasiliwe mabichi, kwani huweza kubeba minyoo ya ini. Yachemshwe.

Isogi nayo huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa ili uchungu upungue, ingawa sehemu ya vitamini huondoka nayo. Kisha hutiwa maziwa, na katika nchi ya Ankole maziwa si tatizo. Mmea ulionawiri kuliko yote hauchumwi. Huachwa hadi maganda yageuke manjano, hukatwa kabla hayajapasuka, hukaushwa juu ya kitambaa, na mbegu zake ndogo nyeusi hungojea mvua za Machi.