Lori Lenyewe Ni Nusu ya Antena

Madereva Waswahili wanaoendesha malori Marekani hukutana mapema na kifaa ambacho wengi wao hawakuwahi kukishika walipokuwa wakipakia mizigo Mombasa au Dar es Salaam: redio ya CB. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye dashibodi au darini mwa kabini, kikiwa na maiki ya waya na chaneli 40. Ya barabarani ni chaneli 19. Humo madereva huambiana kuwa mbele kuna ajali, mizani imefunguliwa, au barafu imeshika daraja. Chaneli 9 ni ya dharura. Nguvu inayoruhusiwa kwa usemaji wa kawaida ni wati 4 tu.

Huduma hiyo ilianza mwaka 1958 katika masafa ya megahezi 27. Ikapamba moto miaka ya 1970, mafuta yalipoadimika na mwendo wa barabara kuu ukashushwa hadi maili 55 kwa saa. Mwaka 1977 chaneli ziliongezwa kutoka 23 hadi 40, na mwaka 1983 sharti la kila mtu kuwa na leseni yake likaondolewa. Tangu hapo dereva huingia kituo cha malori, kama kile kikubwa cha Iowa 80 pale Walcott, akanunua redio, antena na kebo, kisha akajifungia mwenyewe maegeshoni.

Hapo ndipo malalamiko yanapoanzia. Dereva anawasikia wenzake vizuri, lakini yeye akiita hajibiwi. Hulaumu redio, akanunua nyingine ya bei kubwa zaidi, na hali ikabaki vilevile.

Mara nyingi redio haina kosa. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa karibu mita 11, na antena ya robo wimbi inahitaji fimbo ya mita 2.7 hivi, au fupi zaidi iliyozungushiwa koili. Fimbo hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati na chuma cha gari. Kama mkwezi anavyohitaji shina la kukanyaga ndipo ajisukume juu, mkondo unaopanda kwenye fimbo unahitaji chuma kipana chini yake. Ukikikosa, hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ganda la nje la kebo. Kebo inayorudi kabini inageuka kuwa sehemu ya antena: kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena kinabadilika dereva akiigusa, kelele za injini zinaingia kwenye spika, na sauti yake haifiki mbali.

Malori ya Marekani yamejaa mitego ya namna hii. Boneti nyingi na baadhi ya sehemu za kabini ni faiba au plastiki. Antena hufungwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni, mkono umeshikwa na mlango, na mlango umeshikwa na bawaba zilizopakwa grisi na rangi. Ukipima kwa multimita unaweza kuona umeme wa betri unapita bila shida, kwa hiyo unaamini ethi, yaani muunganiko na chuma cha gari, ipo. Lakini njia nyembamba inayotosha kuwasha taa haitoshi kubeba mkondo wa redio, ambao hupenda kutambaa juu ya chuma kipana na kwa njia fupi. Dawa yake ni mkanda mpana wa shaba iliyosukwa, unaotoka kwenye mlango hadi kwenye bodi, na pale unapofungwa rangi ikwanguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae.

Kosa jingine limo katika kipete cha plastiki (washa) kinachotenganisha bolti ya antena na kishikio chake. Kikiwekwa upande usio wake, au kikisahaulika, fimbo hugusana moja kwa moja na bodi. Redio inapiga shoti, na ukishikilia kitufe cha maiki kwa muda unaweza kuunguza sehemu yake ya kurushia.

Kebo nayo ina visa vyake. Hubanwa na mlango kila siku hadi waya wa ndani ukatike. Maji huingia kwenye plagi isiyozibwa, yakageuza shaba kuwa nyeusi. Aliyelehemu plagi kwa haraka huacha unyuzi mmoja wa wavu wa nje ukigusa waya wa kati. Wenye antena mbili, moja kila kioo, wana la ziada: mfumo huo hutumia kebo mbili za ohmu 75 zinazokutana kwenye plagi moja, ilhali antena moja hutumia kebo ya ohmu 50. Upande mmoja ukikatika, dereva akaunganisha kebo yoyote aliyoikuta dukani, antena zote mbili huharibikiwa.

Nyumbani mambo yalichukua njia nyingine. CB haikuota mizizi kwenye barabara ya Mombasa hadi Malaba, wala ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Dereva anayeshuka mteremko wa Kitonga huonywa kwa taa za mwenzake anayepanda, kwa matawi ya miti yaliyotandazwa lamini kabla ya gari bovu, na siku hizi kwa simu na makundi ya WhatsApp. Simu ya upepo ipo, ila iko kwingine: kwenye magari ya watalii Serengeti na Maasai Mara, ambamo waongozaji huarifiana kwa Kiswahili chui alipoonekana, na kwenye magari meupe ya mashirika ya misaada yanayokwenda kusikoshika mtandao.

Tofauti kubwa ni nani anayefunga. Nchini Tanzania masafa husimamiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na nchini Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya huko, na mwenye gari huhitaji kibali. Basi redio huja pamoja na fundi wake. Ukitazama gari la misaada lenye antena ndefu ya masafa ya mbali, utaona imesimama kwenye bampa la chuma la mbele, na mara nyingi mkanda mpana wa shaba unaiunganisha na chesi. Kazi hiyo imefanywa na mtu anayejua kuwa gari ni sehemu ya antena.

Hata hivyo, mpango huu una pengo lake. Dereva na mwongozaji hawaambiwi kwa nini mkanda ule upo. Gari likienda gereji kunyooshwa bampa, mkanda unafunguliwa, bampa linapakwa rangi upya, na vyote vinarudishwa juu ya rangi. Land Cruiser ikibadilishiwa paa likawa la faiba ili wageni wasimame kupiga picha, antena iliyokuwa juu ya bati inabaki haina chuma chini yake. Masafa ya VHF ya magari hayo yanahitaji fimbo ya nusu mita hivi, hivyo bati dogo linatosha, lakini lazima liwepo. Na mitikisiko ya barabara za vumbi hulegeza nati ambazo lami ya Iowa ingeziacha salama.

Dereva wa Marekani ana jambo moja zuri la kuigwa: mita ya SWR, ambayo huonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi badala ya kuruka angani. Ikisoma 1.5, inayorudi ni asilimia 4 tu. Ikisoma 2, ni 11. Ikifika 3, robo nzima inarudi, na hapo kurusha kusimame. Hupimwa kwenye chaneli 1, 19 na 40. Vipimo vikiwa juu kwenye zote, tatizo ni ethi au kebo. Chaneli 40 ikizidi, fimbo ni ndefu. Chaneli 1 ikizidi, ni fupi. Wengi hukimbilia kukata fimbo kabla ya kukagua ethi, na fimbo iliyokatwa hairudi.

Fundi umeme wa Tunduma au Malaba hahitaji hata mita hiyo ili aanze. Multimita yake inatosha kugundua waya uliokatika na shoti, ingawa, kama ilivyoelezwa, haithibitishi ethi ya redio. Achomoe kebo kwenye redio, apime ganda la plagi na bodi: iwe karibu ohmu sifuri. Apime pini ya kati na fimbo: vilevile. Kisha pini na ganda: pasipite kitu, isipokuwa kwa antena chache ambazo koili yake huunganisha viwili hivyo kwa makusudi. Wakati wa kupima, utingo afungue na kufunga mlango huku akiitikisa kebo, kwa sababu waya uliokatika ndani ya ganda hujionyesha pale tu unapochezwa.