Bado Uko Palepale?

Mwaka 1970 mwanahisabati Mwingereza, John Conway, alibuni mchezo usio na wachezaji. Mchezo wa Maisha. Chukua ukurasa wa miraba, kama kile kitabu cha hesabu cha shule ya msingi. Kila mraba ni seli, hai au mfu, na kila seli ina majirani wanane. Seli hai yenye majirani hai wawili au watatu inaendelea kuishi. Wakipungua inakufa kwa upweke, wakizidi inakufa kwa msongamano. Seli mfu ikipata majirani hai watatu kamili, inazaliwa. Basi.

Ukitawanya seli ovyo, skrini inachemka weee, kisha inatulia. Yanabaki maumbo yasiyosonga: mzinga wa nyuki wa seli sita, mashua ya seli tano, na bloku, seli nne zilizobanana.

Mtu akiitazama bloku atasema imekufa. Lakini sheria hazijalala. Kila kizazi kila seli inahesabiwa upya. Kila moja ya zile nne ina majirani watatu, kwa hivyo inabaki. Na ukiitoa moja? Kizazi kinachofuata, tatu zilizobaki zinairudisha.

Mimi niliacha chuo karo ilipokosekana. Tangu hapo, nikienda ushago, shangazi huniuliza, "Bado uko palepale?" Anamaanisha chumba kilekile, kazi zilezile za kuandika, malipo yaleyale ya "wiki ijayo."

Niko palepale, ndiyo. Mwezi ambao malipo yalikwama, mama mboga alinikopesha sukuma, fundi wa simu akaninunulia tokeni za stima, na dada wa saluni akaongea na keateka kuhusu kodi. Baadaye fundi aliugua, nasi watatu tukachangia kodi yake. Kwenye ploti yetu hakuna aliyehamia nyumba kubwa. Hakuna aliyefungiwa mlango pia.

Lakini bloku haikui. Seli yoyote tupu iliyo kando yake ina majirani hai wasiozidi wawili, na kuzaliwa kunataka watatu. Wanaotosha kukushika usianguke hawatoshi kukuongezea kitu. Nikipiga hesabu ya kurudi chuo, nakwama hapo: jirani mmoja tu amepungua, na kwenye ploti yetu hayuko.